Eko au katheta? Maswali kuhusu kupima nguvu ya moyo

Mama amepimwa eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tukaambiwa moyo wake unasukuma asilimia 35. Ina maana asilimia 65 ya moyo imekufa?

Hapana, na hofu hii tunakutana nayo karibu kila kliniki. Chemba kubwa ya kushoto haimalizi damu yote kwa pigo moja, hata kwa kijana mwenye afya tele. Moyo wenye afya husukuma takriban asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo. Iliyobaki husubiri pigo linalofuata. Kwa hiyo hiyo 35 ilinganishe na 60, usiilinganishe na 100. Ni ndogo na inahitaji dawa, ila si hukumu. Wapo kinamama waliopata tatizo la moyo baada ya kujifungua, namba ikashuka hivyo, wakatumia dawa ikapanda tena.

Namba hiyo imepatikanaje bila kumchana?

Kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua, anapakwa jeli ya baridi, kisha mpimaji anabana kifaa kati ya mbavu na kukizungushazungusha. Kwenye skrini unaona kuta zikikaza na kulegea, valvu zikifunguka na kufunga, na rangi zinazoonyesha damu inakoelekea. Hakuna mionzi, ndiyo maana hata mjamzito anapimwa bila wasiwasi. Watafiti wawili nchini Sweden, Edler na Hertz, ndio walioanza kuuchunguza moyo kwa njia hii mwaka 1953.

Si tayari alipimwa ECG?

ECG inasoma umeme wa moyo. Mtu anaweza kuwa na moyo dhaifu huku kipimo hicho hakionyeshi jambo kubwa.

Kama eko inaona yote hayo, kwa nini wengine wanaingizwa mrija?

Kwa sababu kuna mambo eko inakadiria tu. Chukua presha ya mishipa ya mapafu. Eko hupima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye valvu ya upande wa kulia, kisha mashine inapiga hesabu ya presha. Ni kama kukisia nguvu ya bomba kwa kutazama maji yanavyoruka. Uvujaji ukiwa mdogo mno, au mgonjwa akiwa mnene au ana mapafu yaliyojaa hewa, picha inafifia na hesabu inayumba.

Katheta inafika penyewe. Mrija mwembamba unapita kwenye mshipa wa shingo au paja hadi ndani ya moyo, unasoma presha chemba kwa chemba na kuchota damu ya kupima oksijeni. Aina iliyotangazwa na madaktari Swan na Ganz mwaka 1970 baadaye iliongezewa kipimajoto karibu na ncha: unadungwa maji baridi kidogo, na jinsi joto linavyoshuka na kupanda tena mbele yake ndivyo mashine inavyojua moyo unatoa lita ngapi kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hutoa kama 5.

Kuziba kwa mishipa inayolisha moyo wenyewe ni habari nyingine. Hapo mrija hupitia mshipa wa ateri, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, dawa ya rangi inamwagwa na picha ya eksirei inapigwa. Eko ya kawaida haiwezi kukuonyesha mahali palipoziba.

Basi hicho ndicho kipimo kikubwa. Nikiwa na pesa, nikifanye moja kwa moja?

Mimi nasema hapana. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 433 wa moyo ulioshindwa vibaya. Waliotibiwa kwa kuongozwa na katheta hawakuishi zaidi ya wale waliotibiwa kwa uchunguzi wa kawaida wa daktari, na walipata madhara mengi zaidi wakiwa wodini. Katheta ina thamani pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi: kumpasua mgonjwa au la, kuziba tundu la moyo au kuliacha, kuthibitisha presha ya mapafu kabla ya dawa ghali. Muulize daktari wako hilo waziwazi, ni haki yako.

Inauma? Ina hatari?

Unachomwa ganzi na mara nyingi unabaki macho. Wengi huondoka na jeraha dogo au weusi wa ngozi. Yapo pia mapigo kuvurugika kwa muda, kutokwa damu, na dawa ya rangi kulemea figo. Kiharusi, shambulio la moyo na kifo hutokea mara chache sana, lakini hutokea.

Kabla ya kulazwa niseme nini?

Taja dawa zote, hasa za kuyeyusha damu na metfomini ya kisukari. Usiziache mwenyewe, subiri maelekezo. Taja ugonjwa wa figo, mzio wowote, na kama huenda una ujauzito. Ukishatoka, kidonda kikivuja damu, bana kwa nguvu hapo hapo na urudi hospitali.