Niitie Daktari Mwenyewe

Mzee alikuwa ametoka Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, na alifika hospitali asubuhi na mapema akisindikizwa na mjukuu wake wa kiume. Alikaa upande kwenye benchi, mkono mmoja umeinua kanzu kidogo kwa mbele. Aliyekulia pwani ya Tanga anaujua mkao huo kabla mgonjwa hajatamka neno. Ni busha. Nilimwamkia shikamoo, nikamkaribisha ndani, nikafunga mlango. Akanitazama mimi, akautazama mlango, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, niitie daktari mwenyewe."

"Ndiye mimi, babu."

Akacheka, kama mtu aliyetaniwa na mjukuu. Halafu akaona mimi sicheki.

Kila nikiwasimulia kisa hiki wanafunzi wa sekondari wanaotutembelea, wasichana hukunja uso wakidhani nimekuja kumsema mzee. Simsemi. Maisha yake yote, kila daktari aliyemgusa alikuwa mwanamume, na mwanamke mwenye nguo nyeupe alikuwa nesi. Juu ya hayo, maradhi yenyewe ni ya mahali ambapo huenda hata mkewe hakuwa amepaona kwa miaka. Nilitoka nikamwita daktari msaidizi wetu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye alianza kazi kama mhudumu wa wodi akisukuma vitanda. Akaja akaketi. Wakazungumza habari za kaskazi na bei ya changu, wakakuta wana jamaa mmoja huko Duga. Haikupita robo saa, mzee alikuwa kitandani nampima mimi, yeye daktari msaidizi kasimama upande wa kichwa, na mazungumzo ya samaki yanaendelea. Siku ya upasuaji ikapangwa.

(Kwa wasiojua: busha hili la kwetu mara nyingi hutokana na minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Si laana, wala si adhabu ya kuzini. Upasuaji wake haumalizi nguvu za kiume za mtu.)

Watu wawili walimtibu mzee yule, na hakuna hata mmoja wao ambaye mtu angemtaja akiulizwa daktari anafananaje. Mmoja mwanamke wa Pangani aliyejifunga mtandio, mwingine mhudumu wa wodi aliyepanda ngazi kwa miaka zaidi ya ishirini. Na ndiyo hoja yangu leo kwa wazazi na vijana wa Tanga: njia ya kufikia koti jeupe haijawahi kuwa moja, na wanaopita njia ndefu huja na kitu ambacho wodi inakihitaji.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12, kwa hesabu aliyopenda kuitaja Mwalimu Nyerere mwenyewe. Kumi na wawili kwa nchi nzima. Chuo cha kufundishia madaktari hapa nyumbani hakikuwapo mpaka 1963, kilipoanzishwa kile cha Dar es Salaam ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kabla ya hapo mtu alikwenda Makerere. Mmoja wa waliotoka huko, Vedast Kyaruzi wa Bukoba, aliongoza TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU, mwaka 1950, serikali ya kikoloni ikamhamisha kutoka Dar es Salaam ili awe mbali na siasa. Baada ya uhuru akawa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa. Sasa mtu huyu utamwita daktari, mwanasiasa au balozi? Alikuwa vyote, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyesoma dawa lazima afe ameshika kipimo.

Wanawake walichelewa zaidi. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kitanzania kuwa daktari, ilibidi akasomee Moscow. Alirudi akawa bingwa wa watoto, na mwaka 1987 akaanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, ambacho wengi wenu mnakijua kwa kampeni za kupima saratani ya matiti. Mama yangu alikuwa msichana wakati Mwaikambo anasoma Urusi. Hakuwahi kumsikia. Angemsikia, nadhani mabishano ya nyumbani kwetu kuhusu mimi kuendelea na shule yangekuwa mafupi kidogo.

Lakini kama madaktari walikuwa 12, nani aliyewatibu watu? Walitibiwa na matabibu, yaani waliosomea kutibu bila shahada ya udaktari, na baadaye na madaktari wasaidizi. Daktari msaidizi alikuwa tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, akarudi shule miaka miwili zaidi na kufundishwa hata upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Tanga palikuwa na mafunzo hayo. Katika hospitali nyingi za wilaya ndio waliokamata kisu usiku wa manane, na vijana wengi wanaonisoma hapa wametolewa tumboni na mikono yao bila kujua. Kada hiyo ilikuwa ngazi ya mtoto wa maskini: unaanza chini, unalipwa mshahara, unajiendeleza.

Mafunzo hayo yamekwisha kusitishwa. Sababu zilizotolewa zinaeleweka, maana kila nchi inataka madaktari wenye shahada kamili. Ila nikiwafundisha watarajali wangu, madaktari waliohitimu walio katika mwaka wa mazoezi, huwa nawapa mfano wa Marekani. Mwaka 1910 ilitoka ripoti ya Abraham Flexner iliyotaka vyuo vya udaktari viinue viwango. Viwango vikapanda kweli. Lakini kati ya vyuo saba vilivyokuwa vikisomesha madaktari weusi, vitano vikafungwa, vikabaki Howard na Meharry tu, na pengo hilo Wamarekani weusi wanalilalamikia mpaka leo. Unapoondoa ngazi kwa sababu ni mbovu, hakikisha umeweka nyingine. Sijaridhika kwamba sisi tumeshaiweka.

Mimi ni wa njia hiyo ndefu. Baba alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, tulikuwa saba. Kidato cha nne nilipata D ya fizikia. Maabara ya shule yetu ilikuwa kabati lenye vioo vilivyovunjika, na mwalimu alituchorea betri ubaoni, tukaikariri kama wimbo. D ile haikunipeleka kidato cha tano kuchukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Ikanipeleka chuo cha utabibu, miaka mitatu, kisha zahanati moja wilayani Kilindi. Nilikaa huko miaka minne, nikiwa na muuguzi mmoja, pikipiki iliyowaka siku ikipenda, na taa ya sola.

Usiku mmoja akaja mama na mtoto wa miaka miwili. Hakusema mtoto ana homa. Alisema: "Kashtuka. Macho yamegeuka." Nyuma yake bibi anasisitiza asichomwe sindano, maana akichomwa atakufa. Mgeni angesikia ushirikina, akaanza kuwahubiria. Mimi nilikua nikisikia maneno hayo hayo. Wanazungumza degedege, na hawataki kulitaja jina lake usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta jambo hilo hilo: kwa wazazi wengi homa ni maradhi ya hospitali, lakini degedege ni maradhi mengine, ya ndege au shetani, na kwanza hupelekwa kwa mganga kupigwa mafusho. Kumbe mara nyingi ni malaria ile ile imepanda kichwani, na kila saa inayopotea ina hatari yake. Nilimuuliza bibi mtoto ameanza lini, amefukizwa na nini, nani mwingine katika ukoo amewahi kupatwa. Alipoona najua njia ya maneno, akanyamaza, akamshika mtoto mguu nikachoma. Asubuhi mtoto aliomba uji.

Sikufundishwa hilo chuoni. Baadaye, nikiwa na umri wa miaka 29 darasani na vijana wa miaka 20 wanaoniita "mama", nilikuwa wa kawaida tu kwenye mitihani ya biokemia, na pengine chini ya kawaida. Tulipoingia wodini ndipo wakaanza kunifuata nyuma.

Na hili si la pwani tu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Oakland, California, ambako wanaume weusi walipangiwa madaktari kwa bahati nasibu. Waliokutana na daktari mweusi walikubali vipimo vya kinga vingi zaidi, hasa vile vya kutoa damu na kuchomwa sindano. Huyo ni mzee wangu wa Moa kwa lugha nyingine. Vivyo hivyo nawajua akina mama wa vijijini kwetu ambao wangekaa na uchungu nyumbani kuliko kupimwa na mwanamume, na wakisikia zamu ya leba ni ya daktari mwanamke wanakuja.

Sitaki mdhani ni raha tupu. Katika hospitali moja ya mkoa mwingine, ambayo siitaji, nikiwa mtarajali, bingwa mmoja aliwauliza wavulana maswali ya wagonjwa, na sisi wasichana akatuuliza tumeposwa au bado. Mwezi mzima. Mwenzangu mmoja aliambiwa avue mtandio au asiingie theatre, chumba cha upasuaji. Alilia chooni, kisha muuguzi mkuu wa theatre, Mkristo, mama mwenye maneno machache, akamshonea vitambaa vitatu vya kufunika kichwa na shingo kwa kitambaa kile kile cha nguo za theatre, vinafuliwa na kuchemshwa pamoja nazo. Mjadala ukaisha. Usafi wa theatre hauna dini, unataka kitambaa kilichochemshwa.

Habari ya nesi haiishi. Hata leo nikimaliza raundi ya wodi, mgonjwa niliyemweleza ugonjwa wake kwa dakika kumi ananiuliza, "Sasa daktari anakuja saa ngapi?" Wauguzi wangu hucheka. Mimi nimeacha kuudhika, ila nawaambia watarajali wa kike wajitambulishe kwa sauti, jina na cheo, kila kitanda, kila siku. Si majivuno. Mgonjwa ana haki ya kujua nani anamwamulia dawa.

Wenye ulemavu ndio wachache kuliko wote. Nilifanya kazi na daktari mmoja ambaye polio ilimlemaza mguu utotoni. Walimu wake walimwambia udaktari ni kazi ya kusimama. Ni kweli kwa upasuaji wa saa nne. Si kweli kwa kusoma picha za eksirei, kwa maabara ya patholojia, kwa afya ya akili, kwa takwimu za magonjwa. Alichagua picha, na akiwa kwenye kiti chake aliona mivunjiko ambayo sisi wenye miguu mizima tuliipita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Lakini sheria inamkuta mtu mlangoni pa ajira, na mtoto mwenye ualbino tunampoteza mapema zaidi, kidato cha pili, kwa sababu amekaa nyuma haoni ubao na hana miwani. Mwalimu unayesoma hapa, mbadilishe kiti kesho.

Na ukishahitimu? Wengine hubaki wodini, wengine huwa waganga wakuu wa wilaya na kupambana na bajeti. Wengine huingia utafiti: chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa pia kwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo, na waliowapima watoto wale ni pamoja na madaktari na matabibu wa hapa hapa. Wengine huenda kwenye siasa. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ni daktari aliyesomea Uturuki.

Sasa maneno ya kazi kwa mzazi. Njia fupi ni PCB kidato cha tano na sita, kisha shahada ya miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali. Njia ndefu bado ipo: stashahada ya utabibu baada ya kidato cha nne, miaka mitatu, na ukifaulu vizuri unaweza kuomba shahada. Ila angalia, vyuo vikuu vitarudi kutazama ufaulu wako wa kidato cha nne katika fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na Kiingereza. D ya fizikia iliniokoa, F ingenifungia. Usimruhusu mtoto aiache fizikia kidato cha tatu kwa sababu ni ngumu. Sifa kamili hubadilika, basi soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo huo, usitegemee wa kaka yake.

Ada huvunja wengi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kuwakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo, kwa hiyo msikae mkidhani mkopo ni wa chuo kikuu tu. Na hapa ndipo ninapowaona watoto wa vijijini wakikwama, si kwa alama bali kwa karatasi. Bodi ya mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Wengi hawana, wengine wanacho, lakini jina ni Mwanaidi kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwanahidi kwenye cheti cha kidato cha nne. Kaeni chini leo jioni mlinganishe herufi kwa herufi, la baba pia. Kurekebisha huchukua muda, na dirisha la maombi halisubiri mtu aliyepanga foleni ya cheti.