Maharage na Nyama: Protini Iko Wapi, na Hupotea Vipi

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini kama gramu 26. Maharage yaliyopikwa yana gramu 8 au 9 tu. Lakini maharage yaliyoiva yamejaa maji. Yapime makavu: kilo moja ina protini ya gramu 200 na ushee, haipitwi na kilo ya nyama mbichi, na bei yake ni nafuu zaidi. Dagaa wakavu wanavipita vyote, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini takriban gramu 50 kwa siku.

Nyama, samaki, mayai na maziwa yana amino asidi zote muhimu, yaani vijenzi vya protini, kwa kiwango cha kutosha. Mahindi yamepungukiwa amino asidi iitwayo lisini, ambayo maharage yanayo tele. Maharage nayo yamepungukiwa nyingine, methionini, inayopatikana kwenye nafaka. Kwa hiyo makande ni mlo wa maana kabisa, wala si chakula cha shida. Si lazima viliwe sahani moja, mradi vyote viliwe siku hiyo. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni anayeshindia muhogo au ndizi, maana humo protini ni kidogo mno.

Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, kisha yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive. Kuyabandika kwenye moto hafifu tangu mwanzo ni hatari, kwa sababu sumu haivunjiki. Soya nayo isisagwe mbichi kwenye unga wa lishe: ina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Ichemshe nusu saa, pukusa maganda, anika ikauke vizuri, ndipo usage.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni kumpa mtoto mchuzi mtupu, wa nyama au wa maharage, kwa imani kwamba nguvu yote imo humo. Protini kubwa imebaki kwenye mnofu na kwenye punje! Ponda maharage, yapitishe kwenye chujio kuondoa maganda, umpe. Nyama ikatekate hadi iwe laini kabisa. Dagaa waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta, watwange, chekecha, kisha tia kijiko kimoja cha unga wake kwenye uji au mboga.

Kwa mtoto aliyeanza kula, miezi 6 hadi miaka 2, mimea peke yake haitoshi. Vitamini B12 haimo kwenye maharage wala mboga za majani, na madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida. Yai moja au dagaa kila siku vinasaidia sana. Kwa familia nzima, kula maharage pamoja na chungwa au kachumbari yenye ndimu ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, kwa sababu yenyewe huzuia chuma kufyonzwa.