Ridhaa ya mzazi katika daftari la kukutanisha walioasiliwa

Hapa Mbeya, mazungumzo kuhusu watoto walioasiliwa, yaani waliopewa wazazi wapya kwa amri ya mahakama, yakianza, hasa wale waliochukuliwa na familia za kigeni, hakukosi mtu wa kusema kwamba kijana hawezi kumpata mama yake mzazi mpaka mama atoe ridhaa. Mwingine hudakia kwamba ridhaa ilishatolewa zamani, mbele ya mahakama. Wawili hao hawabishani juu ya jambo moja, na wote wamekosea.

Daftari la kukutanisha ni orodha ambamo mtu mzima aliyeasiliwa hujiandikisha kwa hiari yake, na ndugu zake wa damu hujiandikisha kwa hiari yao, ili pande mbili zikioana taarifa zitolewe. Daftari la aina hii halimtafuti mtu yeyote.

Kinachochanganywa ni ridhaa. Ile inayotolewa mahakamani ni ridhaa ya kuasili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaitaka kutoka kwa wazazi kabla ya amri kutolewa, ingawa mahakama inaweza kuendelea bila hiyo, kwa mfano mzazi asipopatikana. Mama aliyeitoa alikubali kuachia haki na wajibu wake wa kisheria juu ya mtoto. Hakukubali wala hakukataa kutafutwa miaka ishirini baadaye, kwa kuwa hilo hakuulizwa. Ridhaa ya jina lake kutajwa ni jambo jingine, na ridhaa ya kuonana ni jambo la tatu, ambalo nchi kadhaa zimelitenga kabisa na lile la pili.

Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1975 iliwafungulia walioasiliwa, wakishakuwa watu wazima, njia ya kupata taarifa za cheti chao cha kwanza cha kuzaliwa bila kumwomba mama ruhusa. Daftari la kukutanisha lilifunguliwa baadaye, mwaka 1991, nalo lina sehemu mbili, moja ya walioasiliwa na nyingine ya ndugu. Majina ya pande hizo yalipooana, kadiri sheria ilivyopangwa, aliyeasiliwa ndiye aliyepelekewa jina na anwani ya ndugu. Ndugu aliarifiwa tu kwamba taarifa zake zimepelekwa, akabaki kusubiri. Kwa hiyo hata pale panapoitwa ridhaa ya pande mbili, hatua ya mwisho ilikuwa mikononi mwa mtoto, jambo ambalo wengi wetu, tuliozoea mkubwa ndiye aamue, hulisikia kwa mshangao.

New Zealand ilikwenda njia nyingine mwaka 1985: kwa watoto walioasiliwa kabla ya sheria kuanza kutumika, mzazi aliweza kuweka pingamizi la kutambulishwa, linalodumu miaka 10 na kuweza kuwekwa upya. Jimbo la Oregon, Marekani, ambako wapiga kura waliamua jambo hili mwaka 1998, humpa aliyeasiliwa mwenye miaka 21 cheti chake cha awali. Mama anaweza kujaza fomu kueleza kama angependa kuwasiliana naye au la, lakini fomu hiyo haizuii cheti kutoka.

Linaloniudhi zaidi ni ukimya kuhesabiwa kuwa kukataa. Mama wa Rungwe au Makete ambaye jina lake halimo katika daftari la Uingereza huenda hajui kama daftari hilo lipo. Isitoshe, daftari hilo ni la walioasiliwa kwa taratibu za huko. Ikiwa amri ilitolewa na Mahakama Kuu ya Tanzania, kumbukumbu za kuanzia ziko kwetu, katika jalada la mahakama na katika rejista ya watoto walioasiliwa iliyo chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambayo kumbukumbu zinazoiunganisha na cheti cha kuzaliwa hazifunguliwi kwa kila mtu. (Mtoto aliyelelewa na shangazi yake Mafinga bila amri ya mahakama hayumo popote, wala hahitaji daftari, ukoo unajua.)

Basi kijana anayerudi akisema kwamba mama yake alikataa, kwa sababu tu alitafuta jina na hakuliona, aambiwe taratibu kuwa mama bado hajaulizwa, na kwamba pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri alikozaliwa, akiwa na nakala ya amri ya kuasiliwa kwake mkononi.