Usalama wa handova: tunavyodhani mapendekezo huchaguliwa, na yanavyochaguliwa kweli

Folklifti ikitoka mlango wa mbele wa ghala kwenda wa nyuma, mashine ya kuskani iliyofungwa karibu na usukani inapita chini ya ruta tano za Wi-Fi. Kila inapoachia ruta moja na kushika nyingine, dereva anaona kile kiduara kikizunguka kwenye skrini. Sekunde moja, mbili, mara nyingine nne, na mzigo umesimama. Nilikuwa mmoja wa mafundi walioitwa kutafuta sababu, na hatukuhangaika sana kuipata: kila ruta ilikuwa inaiuliza upya seva iliyoko mji mwingine kama mashine hii ni ya kwetu. Msimamizi wa ghala akasema, kwa nia njema kabisa, "Si mwondoe huo ulinzi? Wekeni neno la siri moja, kazi iendelee."

Kifaa kuachia mnara au ruta moja na kushika nyingine bila kukata mawasiliano ndiko mafundi tunakoita handova. Swali la yule msimamizi, yaani tuwe wepesi au tuwe salama, ndilo ambalo kamati za viwango zimekuwa zikiliitia mapendekezo kwa miaka mingi. Nimezisoma hati zao kwa muda sasa, na naona wenzangu wengi kwenye fani tuna picha isiyo sahihi ya jinsi majibu yale yanavyopatikana. Kila kichwa kidogo hapa chini ni dhana moja ya aina hiyo, na chini yake ni jibu langu.

"Wito wa mapendekezo ni tenda: mmoja anashinda, wengine wanakunja virago"

Picha hii ina asili yake. Wengi tulisoma habari za AES, na lile lilikuwa shindano kweli. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliita watu walete mbinu za kusimba data, yaani kuifumba ili isisomwe na asiye na ufunguo. Mwaka 1998 zikapokelewa 15, zikachujwa zikabaki tano, na Oktoba 2000 ikatangazwa Rijndael, kazi ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen.

Kamati ya IEEE 802, ya chama cha kimataifa cha wahandisi, inayoandika viwango vya Wi-Fi na ndugu zake, haiendi hivyo. Tuchukue 802.21, kiwango kilichochapishwa 2009 ili kusaidia kifaa kuhama kati ya mitandao ya aina tofauti, tuseme kutoka Wi-Fi kwenda WiMAX (intaneti ya redio ya masafa marefu) au mtandao wa simu. Toleo lile la kwanza liliuachia ulinzi wa ujumbe wake kwa njia yoyote itakayousafirisha. Ili kuziba pengo hilo kukaundwa kikosi kazi kilichopewa jina 802.21a, na matunda yake yakatoka 2012.

Utaratibu wa kawaida kwenye vikosi kama hivyo huanza mbali kabla ya wito. Kunatafutwa kwanza kibali cha mradi kinachosema kazi inaanzia wapi na kuishia wapi. Halafu watu wanakaa kuandika mahitaji: ni adui gani tunamwogopa, ni mitandao gani inahusika, ni nini hatutagusa. Wito unafuata baada ya hapo. Wanaoleta mapendekezo wanasimama mbele ya kikosi, wanahojiwa, wanarudi nyumbani na madaftari yaliyojaa. Mara nyingi mkutano unaofuata unakuta wawili waliokuwa wakipingana wameleta hati moja.

Kinachowasukuma kuungana ni hesabu ya kura. Jambo la kiufundi halipiti bila asilimia 75, kwa hiyo mwenye asilimia 26 hawezi kushinda lakini anaweza kuzuia. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini wahandisi wa kampuni pinzani wanaonekana wakinywa chai pamoja kwenye korido.

Wakishindwa kuungana, gharama ni kubwa. Kikosi cha 802.15.3a, kilichoshughulikia redio za masafa mafupi wala si handova, kilikuwa na mapendekezo 23 yaliyoungana hadi yakabaki mawili. Hapo kila kambi ikakaza. Hakuna iliyofikisha asilimia 75, na Januari 2006 wakaamua mradi ufutwe. Hakuna mshindi, hakuna kiwango, na miaka ya kazi za watu ikaishia hapo.

Naongeza jambo moja linalonisumbua. Maridhiano nayo yana bei. Kambi mbili zikikubaliana, njia nyepesi ni kila moja kubaki na chake ndani ya hati, na kwa mtu wa usalama kila chaguo la ziada ni mlango wa ziada wa kukagua.

"Kazi yenyewe ni kusimba mazungumzo tu"

Usimbaji wa mazungumzo ulishakuwa na wenyewe. 802.21a ilipewa mizigo miwili mingine.

Mzigo wa kwanza ni muda. Sauti inahitaji kuhama ndani ya milisekunde 50 hivi ili sikio lisishtuke, ilhali uthibitishaji kamili wa kifaa, wenye safari kadhaa za kwenda seva na kurudi, unaweza kula sekunde nzima au zaidi. Suluhisho linalopendekezwa ni kuanza mapema: kifaa kikiwa bado kimeshika mtandao wa zamani kijitambulishe kabisa kwa mtandao kinakoelekea, ili kikifika kiwe kimeshapata ufunguo.

Mzigo wa pili husahaulika, na kwangu ndio wenye uzito. Handova huendeshwa kwa ujumbe mfupi mfupi. Kifaa kinaarifu kwamba mawimbi yanafifia. Kinauliza karibu yake kuna mitandao gani, kinajibiwa. Kisha inaweza kuja amri: hama. Sasa jiulize, ujumbe huo ukitoka kwa tapeli? Hana haja ya kuvunja usimbaji wowote. Anakutumia orodha ya mitandao ambayo ameipanga mwenyewe, au anakuamuru uhame kila baada ya dakika hadi betri yako iishe na simu yako ikatike. Anaweza hata kunasa amri halali ya jana na kuirusha tena leo. Kwa hiyo mapendekezo yalitakiwa kuonyesha ujumbe umetoka kwa nani, haujaguswa njiani, haujarudiwa, na hausomwi na mpita njia. Katika kujibu, 802.21a haikubuni mbinu mpya ya kusimba. Ilichukua TLS, inayolinda tovuti, na EAP, inayothibitisha utambulisho wa kifaa, itifaki (taratibu za mawasiliano) zilizokwisha kupigwa jua na mvua, ikaeleza jinsi ya kuzibeba ndani ya ujumbe wa handova.

"Njia ya haraka na salama ya kutosha ni kumpa jirani ufunguo uleule"

Ndilo lilikuwa wazo la yule msimamizi, na kwenye karatasi linapendeza: hakuna kuuliza seva, hakuna kusubiri. Shida ni kwamba ruta yako ya kibandani, ile iliyofungwa kwenye nguzo nje kwa skrubu mbili, sasa ina ufunguo wa ghala zima. Akiibeba mwizi amebeba zote.

IETF, jumuiya inayoandika itifaki za intaneti, iliweka sharti hili wazi mwaka 2007 katika RFC 4962: kudukuliwa kwa kituo kimoja kusifungue funguo za vituo vingine. Pendekezo lisilotimiza sharti hilo halifai hata kama ni jepesi namna gani.

802.11r, nyongeza ya Wi-Fi ya mwaka 2008, inaonyesha jinsi ya kupata vyote viwili. Kuna ufunguo mkuu unaokaa sehemu moja. Kutokana nao unakokotolewa ufunguo wa pili, tofauti kwa kila ruta, na kutokana na huo wa pili unakokotolewa ufunguo wa kikao, yaani wa mawasiliano ya wakati ule. Ukiwa na wa chini huwezi kurudi nyuma kupata wa juu. Ruta mpya inapewa wake tu, kifaa nacho kinaukokotoa chenyewe, na seva ya mbali haiulizwi tena.

Mitandao ya simu ya LTE (4G) ililipa gharama ya namna nyingine kwa ajili ya kasi. Minara miwili ikikabidhiana simu moja kwa moja, mnara unaoachia ndio unaokokotoa ufunguo wa unaopokea. Unaopokea hauwezi kujua yaliyopita, lakini unaoachia unaujua ufunguo mpya. Ni pale simu inapohama mara ya pili, kiungo kipya kutoka mtambo mkuu kikiwa kimeingia kwenye hesabu, ndipo mnara ule wa kwanza unafungiwa nje. Waandishi wa kiwango waliliona na wakaliandika bayana. Udhaifu mdogo uliotajwa na kuwekewa mpaka naupokea vizuri zaidi kuliko ahadi ya usalama kamili.

"Kura ni za kampuni"

Katika vikundi kazi vya 802 kura ni ya mtu. Anaipata kwa kuhudhuria mikutano, na anatakiwa kutaja anamfanyia nani kazi. Ni kweli kampuni kubwa inaweza kulipia nauli za watu kumi na taasisi ndogo ikamlipia mmoja, kwa hiyo nguvu ya fedha ipo. Lakini wanakubalika au kukataliwa kwa hoja waliyoisimamia wenyewe, na nimeona katika kumbukumbu za mikutano swali moja gumu la mtu mmoja likirudisha hati nyuma.

"Ikipita kwa kura na wanahisabati wakaithibitisha, basi"

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Ulinzi wa Wi-Fi wa 802.11i ulipitishwa 2004. Mwaka 2005 watafiti walichapisha uthibitisho wa kihisabati kwamba makubaliano yake ya hatua nne, ambayo kwayo kifaa na ruta hupatana ufunguo, ni salama. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa KU Leuven, Ubelgiji, wakatangaza shambulio walilolipa jina KRACK, na handova ya haraka ya 802.11r ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa.

Tatizo lilikuwa hivi. Kifaa kinapohamia ruta mpya kinatuma ombi la kujiunga. Ruta inalikubali na kuweka ufunguo kazini, na kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayosimbwa inapewa namba: moja, mbili, tatu, kuendelea. Mtu aliyekaa pembeni akisikiliza tu analinasa ombi lile na kulirusha tena kama lilivyo. Ruta iliyoandikiwa programu isiyo makini inaliona ni ombi halali, inauweka upya ufunguo uleule, na namba zinaanza tena moja. Sasa pakiti mbili tofauti zimesimbwa kwa ufunguo mmoja na namba moja, na ukiziweka sambamba usimbaji unaanza kulegea. Ombi lile halikuwa na kihesabu cha kuzuia marudio, na mshambuliaji hakuhitaji hata kukaa katikati ya njia.

Uthibitisho wa 2005 haukuwa na kosa. Ulithibitisha kwamba ufunguo haujulikani na wengine na kwamba kila upande unazungumza na anayedhani anazungumza naye. Haukuulizwa ufunguo unawekwa kazini lini, na mara ngapi. Ndiyo maana nasema waraka wa mahitaji, ule unaoandikwa kabla ya wito na ambao watu huupitia kwa haraka, ndio moyo wa uchaguzi wote. Pendekezo hupimwa kwa maswali yaliyomo humo. Swali lisipokuwemo, hakuna atakayelijibu, na asilimia 75 au 100 ya kura haitaliingiza.

"Ni mambo ya siri, ya watu wa mbali"

Hati za vikosi vya 802, pamoja na mapendekezo na kumbukumbu za mikutano, zimewekwa wazi mtandaoni. Viwango vyenyewe hupakuliwa bure miezi sita baada ya kuchapishwa. Hatua ya kura ya mwisho hupokea pia maoni ya umma. Kuhudhuria ndiko kugumu: mikutano mikuu ni mitatu kwa mwaka, Machi, Julai na Novemba, na ada, nauli na hoteli ni mzigo mzito kwa fundi wa Dar es Salaam au Mombasa. Kusoma hakuna kizuizi hicho. Na sisi ndio tunaofunga ruta kwenye nguzo za nje, tunajua zinavyoibwa.

"802.21 haikuenea, kwa hiyo mapendekezo yake yalichaguliwa vibaya"

Haikuenea kama walioiandika walivyotarajia, ni kweli. Mitandao ya simu ilifuata njia za 3GPP, ushirika unaoandika viwango vya simu, WiMAX ikafifia, na Wi-Fi ilikuwa na 802.11r yake. Lakini soko lilikuwa linajibu swali lingine, la nani atalipia kuunganisha mitandao ya wamiliki tofauti. Ubora wa ulinzi uliochaguliwa haukuwa kwenye mizani hiyo.

Kule ghalani hatukuweka neno la siri moja. Tuliwasha 802.11r, na siku ya kwanza mashine nne za zamani zikakataa kabisa kuuona mtandao, kwa sababu hazikuwa zinaitambua. Tukazitengea mtandao wao pembeni hadi zilipobadilishwa. Bei za mashine mpya zilipoletwa, niliongeza maswali mawili kwenye fomu ya wauzaji, ya aina ileile ambayo kikosi kingewauliza waleta mapendekezo: ruta moja ikiibwa, ni funguo zipi zinatoka nayo? Na ombi la kuhama likirudiwa, ruta yenu inafanya nini? Wauzaji watatu waliirudisha fomu. Mmoja alijibu yote mawili kwa maandishi, mmoja aliomba wiki moja awaulize watengenezaji, na wa tatu aliandika kwamba mashine zake zina nembo ya Wi-Fi.