Ugali, glukosi na pumzi: maswali kuhusu nguvu ya mwili

Nikishakula ugali, nguvu inatoka wapi hasa?

Ugali ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoshikana. Kuukata kunaanzia mdomoni. Tafuna tonge tupu, bila mboga, usilimeze haraka: baada ya muda litaanza kuwa tamu. Hapo amilesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kilichomo kwenye mate, kinakata mnyororo kuwa vipande vifupi vya sukari. Utumbo mwembamba unamalizia kazi, glukosi inaingia kwenye damu na kusambazwa kwa seli.

Lakini msuli hautumii glukosi moja kwa moja. Glukosi ni noti ya elfu kumi, na konda wa daladala anataka chenji. Chenji ya seli inaitwa ATP. Ina fosfati tatu, na ya mwisho ikikatika seli inapata nguvu ya kufanyia kazi. Mwilini hakuna akiba kubwa ya ATP, ila inatengenezwa upya mfululizo, hata jumla ya kutwa inakadiriwa kukaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Na oksijeni inaingilia wapi?

Mwishoni kabisa. Kwanza glukosi yenye kaboni 6 inakatwa kuwa piruvati mbili zenye kaboni 3 kila moja. Hatua hii haihitaji oksijeni, na faida yake ni ATP 2 tu. Kisha piruvati zinaingia kwenye mitokondria, vijumba vidogo ndani ya seli, ambako kaboni zake zinang'olewa na kutoka kama kaboni dioksaidi. Huo ndio mzunguko ambao mwanasayansi Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza.

Utajiri wenyewe umo kwenye elektroni, chembe ndogo zenye chaji, zinazovuliwa njiani. Zinapokezanwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka zinapoifikia oksijeni, nayo inaungana na haidrojeni na kuwa maji. Kwa njia hii glukosi moja inatoa ATP zipatazo 30. Wengi wetu tulitoka shuleni tukiamini kwamba oksijeni tunayovuta ndiyo tunayoitoa ndani ya kaboni dioksaidi. Sivyo: ile tuliyovuta inaishia kwenye maji.

Ukikimbia kwa kasi kuliko oksijeni inavyoweza kufika, msuli unategemea zaidi zile ATP 2 na kugeuza piruvati kuwa lakteti. Maumivu ya kesho yake hayatokani na lakteti, maana huwa imeshaondoka.

Mafuta na nyama je?

Gramu ya wanga au ya protini inatoa takriban kilokalori 4, ya mafuta 9, kwa sababu mafuta yamejaa kaboni na haidrojeni na yana oksijeni kidogo. Protini ikitumiwa kwa nguvu, nitrojeni yake lazima iondolewe. Ini linaigeuza kuwa urea, nayo inatoka kwenye mkojo.

Mwili ukiwa hauna nguvu, si bora nitundikiwe dripu ya glukosi?

Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko sita vya chai. Kwa mtu anayeweza kumeza, bakuli la uji lina zaidi ya hapo, tena kwa bei nafuu. Anayeshuka sukari ghafla au asiyeweza kula ni habari nyingine, na daktari ataamua. Uchovu usioisha upimiwe chanzo. Mwenye upungufu wa damu, kwa mfano, anaweza kuwa na glukosi ya kutosha, ila oksijeni haifiki kwenye seli inavyotakiwa.

Kwa nini muhogo mchungu unaogopwa?

Kwa sababu unagusa hatua ileile ya mwisho, ya oksijeni. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo huzalisha sumu ya sianidi. Sianidi inakishika kimeng'enya kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Damu inaweza kuwa na oksijeni tele, seli zisiweze kuitumia.

Kiasi kidogo mwili unakimudu: unaibadilisha sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini. Ndiyo maana anayekula muhogo siku nenda rudi bila dagaa wala maharage yuko hatarini zaidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, unaojulikana pia Kongo na Msumbiji. Unahusishwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka.

Kuuchemsha mzima hakutoshi. Umenywe, ulowekwe au uvundikwe kwa siku kadhaa mpaka ulainike, maji yamwagwe, kisha uanikwe ukauke kabisa kabla ya kusagwa. Njaa inapobana, siku za kuvundika ndizo watu hupunguza kwanza, na hapo ndipo sianidi inapobaki kwenye unga.