Vanishi Haizuii Mlango Kuvimba: Dhana Potofu Kuhusu Mbao na Unyevu

Kila masika yanapoanza, simu za wateja huwa za namna moja: mlango umegoma kufunga, bila shaka fundi aliweka mbao mbovu, maana vanishi ilipakwa mara tatu. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayonichosha kuliko zote. Imesimama juu ya imani kwamba vanishi ikishakauka, ubao umefungiwa kama dawa ndani ya chupa na hewa ya nje haiufikii tena. Wateja hawako peke yao katika hili, kwani mafundi wengi nao wanaliamini, na ndiyo sababu milango ya mninga na mtiki iliyogharimu fedha nyingi inaliwa na randa kila mwaka, Tanga hadi Mtwara.

Hakuna vanishi, laka wala rangi ya mafuta inayozuia kabisa mvuke wa maji kuingia kwenye ubao. Kazi yake ni kuuchelewesha. Ubao huvuta na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 50, ubao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 9 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, jambo la kawaida kabisa pwani, ubao hupanda hadi karibu asilimia 16. Vanishi nzuri itaukinga mlango na mvua ya mchana mmoja, lakini masika huchukua Machi hadi Mei, na katika muda wote huo mvuke unapita polepole bila kupumzika.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wanaobishana nami mara nyingi hawajawahi kuipiga. Mtiki, ambao unasifika kwa utulivu wake, hubadilika upana kwa karibu asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu unaoingia au kutoka. Mlango wa mbao zilizounganishwa kwa gundi hadi upana wa sentimita 80, ukitengenezwa mahali pakavu ubao ukiwa na asilimia 9 kisha ukaletwa pwani ukafika asilimia 16, utapanuka kwa milimita 11 hivi, ilhali nafasi ambayo fundi huiacha kati ya mlango na fremu ni milimita 3. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na ndiyo maana mlango uliovimba hukwama upande wa kitasa. Mlango wa paneli ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilihili: upana wake wa nje unategemea mbao mbili za kusimama za pembeni tu, na paneli ya katikati imeachwa icheze ndani ya mfereji wake. Fundi anayejaza gundi kwenye mfereji huo ili paneli "isilegee" ameua maana yote ya ufundi huo. Paneli itasukuma fremu wakati wa mvua na kufungua viungo vyake, na kiangazi kikija itapasuka katikati kwa kuwa haina pa kusinyalia.

Kabla ya kulaumu mti, naomba mteja apande kwenye kiti na kupitisha kidole juu kabisa ya mlango. Katika nyumba nyingi atakuta ubao mtupu wenye mikwaruzo ya msumeno, na wakati mwingine alama ya penseli ya fundi bado ipo palepale. Upande wa chini uko hivyohivyo, ila huo hauonekani. Hapo juu na chini ndipo vinapotokeza vichwa vya zile mbao za kusimama, na ubao hunywa maji kupitia vichwa vyake kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko kupitia ubavu. Mlango uliopakwa vanishi mara tatu usoni na kuachwa wazi juu na chini haujapakwa. Kwangu hili halina mjadala: mlango hauingii kwenye bawaba kabla kingo zote nne hazijapakwa angalau mara mbili, na ukikatwa chini ili upishe vigae, sehemu iliyokatwa inapakwa upya siku hiyohiyo.

Kiyoyozi nacho kimeongeza tatizo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mlango wa chumba cha kulala chenye kiyoyozi unaona hewa kavu upande wa ndani na hewa nzito ya pwani upande wa korido, hivyo upande mmoja husinyaa huku mwingine ukivimba, na mlango unapinda kama upinde hata kama ni wa mninga wa daraja la kwanza. Ukipakwa vizuri upande mmoja tu, unapinda zaidi, kwa hiyo idadi ya mipako iwe sawa pande zote mbili.

Kuhusu randa: usikubali mlango upigwe randa katikati ya masika isipokuwa kama watu wamefungiwa ndani. Kinachoondolewa Aprili hakirudi, na ifikapo Agosti utakuwa na mwanya unaopitisha mbu. Subiri ukauke, pima nafasi, rekebisha bawaba, paka kingo, kisha ndipo uamue kama kuna cha kuranda.

Dhana nyingine ni kwamba mbao ngumu haina haja ya kukaushwa. Uzito na ugumu havisemi lolote kuhusu ukavu. Mninga kwa kweli husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na sifa hiyo inaustahili, lakini mninga mbichi ni mbichi tu, na sehemu yake nyeupe ya nje huliwa na bungua, mdudu atoboaye mbao, hata ikikauka. Wapo pia wanaosema mbao imekaa dukani mwaka mzima, kwa hiyo imekauka. Ikiwa ililazwa moja juu ya nyingine bila vijiti vya kupitisha hewa, mbao za katikati ya rundo zinaweza kuwa na unyevu karibu uleule ziliokuja nao. Kipima unyevu kitamaliza ubishi huo kwa dakika moja. Asiye nacho akate kipande mbali na kichwa cha ubao, akipime uzito, akikaushe kwenye joto la nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha agawanye tofauti kwa uzito mkavu. Gramu 120 zikishuka hadi 100, ubao ulikuwa na asilimia 20, na huo haufai kwa mlango wa ndani popote Tanzania.

Oili chafu ya gari si dawa ya mbao. Haizuii kuoza kwa namna ya kutegemewa, inakataa gundi na rangi, na ina mabaki ya metali yasiyofaa kuwa karibu na watoto.

Katika ukarabati, kosa linaloleta hasara kubwa zaidi ni kuufunika kwa mbao au jipsamu ukuta unaotoa chumvi na kumenya rangi. Ukuta huo unavuta maji kutoka ardhini au kwenye bomba linalovuja, na hadi sasa ulikuwa unayatoa kwa kukaukia chumbani. Ukishauziba, maji yanabaki nyuma ya mbao; unyevu wa ubao ukivuka asilimia 20 fangasi wa kuozesha wanapata makazi, na mchwa wanapata giza na unyevu wanaoutaka. Anza nje: mara nyingi udongo wa bustani au sakafu mpya ya uani imepanda juu ya karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, na inapaswa kushushwa angalau sentimita 15 chini yake. Kisha bandua plasta iliyoharibika na uache ukuta ukauke, jambo linaloweza kuchukua miezi. Mbao zikija, zikae juu ya vipande vya mbao vilivyotiwa dawa, zikiacha nafasi ya hewa iliyo wazi juu na chini.

Makabati ya jikoni yanafuata kanuni hiyohiyo. Yasiegemee moja kwa moja ukuta wa nje, wala chipbodi yake isiguse sakafu inayodekiwa kila asubuhi. Yasimame kwenye miguu ya plastiki, na ubao wa kuficha miguu uwe wa kuchomoka ili sehemu ya chini ikaguliwe. Chipbodi ikishavimba hairudii unene wake hata ikikauka, kwa hiyo miguu hiyo iwekwe siku kabati linapofungwa.