Mvua haisafishi mtaro: maswali ninayoulizwa kila msimu

Mvua zikianza tu, sisi tunaokaa chumba cha matibabu tunajua wiki haiishi kabla hatujaanza kupokea wagonjwa wa kuhara, na wengi ni watoto, macho yameingia ndani, midomo imekauka, mama amechanganyikiwa. Ukiuliza maji mnachota wapi, unaambiwa mtoni au kisimani kule chini. Ukiuliza takataka za nyumbani mnapeleka wapi, watu wanaangalia chini. Basi tuongee.

Maji ya mvua yanachafuaje mto?
Yakidondoka kwenye udongo wenye majani yananyonywa. Yakidondoka kwenye bati, saruji au lami hayana pa kuzama, yanakimbia na kubeba kila kilicho njiani: kinyesi, oili, sabuni, plastiki, dawa za kuulia wadudu. Mvua ya kwanza baada ya ukame ndo mbaya zaidi maana inakomba uchafu wa miezi.

Si yanasafishwa huko mbele kabla hayajafika mtoni?
Hapana. Yanayoweza kwenda kusafishwa ni maji taka ya chooni na bafuni, tena kama nyumba yako imeunganishwa na bomba la maji taka. Mtaro wa mvua sehemu nyingi unamwaga moja kwa moja mtoni, ziwani au baharini, hakuna chujio, hakuna dawa. Na hata kwenye miji ya zamani ambako maji ya mvua na maji taka yanapita bomba moja, mvua ikizidi bomba linazidiwa na yote yanaishia mtoni.

Nikimwaga wakati mvua inanyesha si inachukua yote inapeleka mbali?
HAPANA jamani. Hili ndo linaloniumiza kuliko yote, mtu anasubiri wingu lifunge ndo afungulie chemba ya choo au amwage ndoo ya nepi mtaroni, anaona amemaliza kazi. Mbali ni wapi? Mbali ni pale mwenzako anapochota maji ya kunywa, ni pale mwanao anapokwenda kuogelea Jumamosi. Mvua haisafishi kinyesi, inakihamisha tu. Shimo likijaa litapishwe na gari la kunyonya maji taka, tena wakati wa kiangazi kabla halijaanza kuvuja.

Kinyesi cha mtoto mchanga je, kile hakina shida?
Kina shida, tena kubwa tu. Mtoto anayeharisha anatoa vimelea wengi sana hata kama anakula maziwa peke yake. Kinyesi kiingie chooni, nepi iliyotumika ifungwe vizuri iende na taka, isionekane mtaroni. Cha mbwa nacho kiokote, kina bakteria na mayai ya minyoo.

Maji si nitachemsha?
Chemsha, nakusisitiza uchemshe mpaka yatokote kweli kweli. Ila kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi oili chafu, rangi ya nyumba wala dawa ya wadudu. Kwa hiyo oili uliyobadilisha kwenye gari weka kwenye dumu lenye kifuniko upeleke gereji wanakokusanya. Brashi ya rangi ya maji ioshee kwenye sinki inayokwenda kwenye maji taka. Dawa ya bustani na mbolea usiweke siku mvua inapotarajiwa, itaondoka yote, na mbolea ikifika ziwani inaotesha mwani ambao ukioza unamaliza hewa ndani ya maji na samaki wanakufa.

Gari nioshee wapi?
Kwenye nyasi au changarawe, mbali na mtaro, ili maji yazame ardhini. Ile sabuni iliyoandikwa haina madhara kwa mazingira nayo usiipeleke mtoni.

Takataka nilizofagia nikisukumia mtaroni?
Unaziba mtaro, maji yanarudi ndani kwako. Na maji ya mafuriko yanaweza kuwa na mkojo wa panya, ukiyakanyaga una kidonda mguuni unaweza kupata ugonjwa wa leptospirosisi: homa, kichwa, misuli ya vigimbi inauma, macho mekundu, wengine wanageuka manjano. Vaa buti. Ukipata homa baada ya kukanyaga maji hayo mwambie daktari ulikanyaga, usimwache abahatishe.

Mtoto ameanza kuhara baada ya mvua, nisubiri kesho?
Usisubiri! Kipindupindu kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache, hakikusubiri upate usingizi. Anza ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji kurudisha maji mwilini, hapo hapo. Kama huna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote usawa wa kijiko, mpe kidogo kidogo huku mnaelekea kituoni. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kumnyima maji eti kuhara kukauke, tafadhali acheni, tunaletewa watoto wamelegea hivyo hivyo.

Jirani ndo anafungulia chemba mvua ikinyesha, nifanyeje?
Mwendee kwanza, wengine hawajui kabisa mtaro unaishia wapi. Akiendelea nendeni majirani kadhaa kwa kiongozi wa mtaa na afisa afya, mkiwa mmeandika siku na saa. Ila kabla ya kutoka nyumbani, kaangalie na lako shimo limefika wapi.